Namba ya Tatu ya Cavendish

Mwaka 1798 Henry Cavendish alichapisha kwenye jarida la Royal Society ya London kazi aliyoifanyia nyumbani kwake Clapham, akiwa mtu mzima wa miaka 66. Alikuwa ameipima dunia. Alitaka kujua dunia nzima ni nzito mara ngapi ikilinganishwa na tufe la maji la ukubwa uleule, na hakuridhika na jibu moja. Alipata majibu 29, akayaweka yote mbele ya msomaji. La kwanza lilikuwa 5.50, la pili 5.61, la tatu 4.88.

Hiyo namba ya tatu ndiyo iliyonifanya niipende orodha nzima. Vitabu vya takwimu vimejaa mifano ya kutunga: alama za wanafunzi watano, urefu wa miche kumi, namba zilizopangwa ili hesabu itoke bila mabaki. Hizi 29 hazikupangwa na mtu. Zilitoka kwenye chombo, moja baada ya nyingine, na anayezifuata kwa mpangilio huo huona waziwazi jinsi mkengeuko sanifu unavyobadilika kila namba mpya inapoongezwa: lini unaruka, lini unashuka, lini hautikisiki.

Chombo chenyewe kinastahili kutazamwa kwanza. Kilibuniwa na mchungaji John Michell, aliyefariki mwaka 1793 kabla hajapata nafasi ya kukitumia. Ni boriti ya mti yenye urefu wa karibu meta 1.8, imening'inizwa katikati kwa waya mwembamba, na kila ncha yake imebeba tufe dogo la risasi. Pembeni yapo matufe mawili makubwa ya risasi, kila moja lina uzito unaozidi kilo 150. Yakisogezwa karibu, yanayavuta yale madogo kwa nguvu ndogo mno, boriti inageuka kidogo, waya unajisokota. Cavendish hakukaa chumba kimoja na chombo, kwa kuwa joto la mwili wake peke yake lingetosha kuzusha mwendo wa hewa na kuivuruga boriti. Alisimama nje, akayasogeza matufe kwa kamba na kapi, akasoma mwendo wa boriti kwa darubini zilizopenyezwa ukutani. Mtu aliyejihadhari na joto la mwili wake mwenyewe si mtu wa kuandika namba ovyo. Kwa hiyo 4.88 haikuwa uzembe. Ndivyo chombo kilivyosema siku ile.

Je, alionyeshaje kwamba majibu yake yametawanyika kiasi gani? Mkengeuko sanifu haukuwa umepata jina. Karl Pearson aliupa jina hilo miaka ya 1890, karibu karne nzima baadaye. Cavendish alitumia njia ya zama zake. Baada ya majibu 6 ya mwanzo alibadilisha waya, akaweka mwingine mgumu zaidi, na kwa waya huo akapata majibu 23. Akachukua kubwa kuliko yote, 5.85, akaondoa dogo kuliko yote, 5.10, akapata 0.75. Basi, akasema, hata yale ya mbali kabisa hayaachani na wastani kwa zaidi ya 0.38 hivi.

Ni kipimo cha haki, lakini hakisikilizi ila namba mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Kikishapanuka hakirudi. Ongeza majibu elfu moja yote yaliyokaa katikati, bado kitasema 0.75. Mkengeuko sanifu ni kitu kingine kabisa, kwa sababu kila namba ina sauti ndani yake. Unatafuta wastani, unapima umbali wa kila namba kutoka kwenye wastani huo, unauzidisha kila umbali kwa wenyewe, unajumlisha yote. Jumla hiyo, niiite jumla ya miraba, unaigawa kwa idadi ya namba ukiwa umepunguza moja, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Hapo umepata, kwa kipimo kilekile cha namba zako, umbali wa kawaida wa namba kutoka katikati.

Tatizo la mwenye kupima ni kwamba namba haziji kwa pamoja. Leo moja, kesho mbili. Kila ikija mpya, wastani unahama, na wastani ukihama, umbali wote uliokwisha kupimwa unakuwa si sahihi tena. Je, arudie kila kitu tangu mwanzo? Hapa ndipo ufundi ninaousifu unapoanza. Mwaka 1962, katika jarida la Technometrics, B. P. Welford alichapisha maelezo mafupi ya kurasa mbili yanayoonyesha kwamba hakuna haja ya kurudia. Fundi anahitaji kutunza vitu vitatu tu: idadi ya namba zilizokwisha kuingia, wastani wake wa sasa, na jumla ya miraba. Namba mpya ikifika, pima umbali wake kutoka kwenye wastani wa zamani. Sogeza wastani. Pima tena umbali wa namba hiyohiyo, safari hii kutoka kwenye wastani mpya. Zidisha umbali huo mmoja kwa mwingine, ongeza jibu kwenye jumla ya miraba. Namba yenyewe unaweza kuisahau, na zote zilizotangulia pia.

Tufuate namba za Cavendish kwa njia hiyo. Baada ya 5.50 na 5.61, wastani ni 5.555, jumla ya miraba ni 0.00605, na mkengeuko sanifu ni 0.078. Mambo yametulia, mtu angeweza kudhani chombo hiki hakikosei. Ndipo inaingia 4.88. Umbali wake kutoka wastani wa zamani ni 0.675 upande wa chini. Wastani unavutwa hadi 5.33, na umbali kutoka hapo ni 0.45, upande uleule wa chini. Zidisha 0.675 kwa 0.45: 0.30375. Jumla ya miraba, iliyokuwa chini ya 0.01, sasa ni 0.3098. Mkengeuko sanifu unaruka kutoka 0.078 hadi 0.394, mara tano, kwa namba moja.

Umbali wa kwanza unapimwa kwa wale waliokuwapo, wa pili kwa kundi ambalo mgeni mwenyewe ameshakuwa mmoja wao. Mgeni aliyekuja kutoka mbali amekwisha kuvuta wastani upande wake, kwa hiyo umbali wa pili ni mfupi kuliko wa kwanza. Hesabu inavitambua vyote viwili, jinsi alivyokuwa mgeni alipofika na jinsi alivyowabadilisha wenyeji. Kila ninapoipitia nafurahi upya.

Sasa tazama kinachofuata. Namba ya nne, 5.07, nayo iko chini, 0.26 kutoka kwenye wastani, lakini mkengeuko haupandi. Unashuka, kutoka 0.394 hadi 0.347. Ya tano ni 5.26, na wastani wakati huo ni 5.265, imeangukia karibu katikati kabisa. Haiongezi kitu chochote cha kuonekana kwenye jumla ya miraba, lakini sasa jumla ileile inagawanywa kwa 4 badala ya 3, na mkengeuko unashuka hadi 0.300. Namba iliyokaa kwenye wastani haikosi kazi, basi. Kazi yake ni kutuliza.

Kwa hiyo kuna mpaka. Namba ikiwa karibu na wastani, mkengeuko unashuka. Ikiwa mbali, unapanda. Mpaka uko wapi? Wengi hukisia kwamba ni umbali wa mkengeuko mmoja kamili, na hawako mbali na ukweli, ila umesogea nje kidogo. Gawa idadi mpya kwa idadi ya zamani, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mkengeuko uliopo. Hapo ndipo mpaka. Kundi likiwa la namba 2, mpaka ni mkengeuko mara 1.22, likiwa la namba 100, ni mara 1.005, na tofauti na mkengeuko wenyewe haionekani tena kwa macho. Kinachonipendeza ni kwamba kanuni hii haibadiliki hata kama unagawanya kwa idadi kamili badala ya idadi pungufu ya moja, jambo linalowagombanisha wanafunzi kila mwaka.

Na orodha ya Cavendish, bila kuombwa, ina namba iliyotua karibu juu ya mpaka wenyewe. Baada ya namba 8, wastani ni 5.315 na mkengeuko ni 0.248. Ukifanya hesabu, mpaka uko umbali wa 0.263. Namba ya 9 ni 5.58, na umbali wake kutoka wastani ni 0.265. Imeuvuka mpaka kwa takriban 0.002. Mkengeuko mpya ni 0.248, uleule kwa tarakimu tatu. Ukitaka kuona kwamba umepanda inabidi uende tarakimu ya nne. Mwalimu anayetafuta mfano wa namba inayoongezwa bila kubadilisha mtawanyiko asijisumbue kuutunga. Mfano huo una zaidi ya miaka 200.

Lipo kosa moja lililoenea sana katika somo hili, na ninaomba nilikalie kidogo. Watu huamini kwamba ukiongeza data, mkengeuko sanifu hupungua. Ukitazama mwanzo wa orodha hii unaweza kuamini hivyo: 0.394, 0.347, 0.300, 0.293, 0.268, 0.248. Lakini endelea. Namba ya 10, ambayo ni 5.65, inaupandisha hadi 0.253. Unashuka tena polepole, kisha 5.79 na 5.10, namba ya 17 na ya 18, zinautoa kwenye 0.215 na kuufikisha 0.234. Baada ya namba 26 umeshuka hadi 0.203. Halafu zinakuja tatu za mwisho, 5.75, 5.68 na 5.85, zote za juu, na kila moja inausukuma: 0.209, 0.211, 0.221. Hapo ndipo orodha inapomalizikia. Baada ya namba 29 mtawanyiko ni mkubwa kuliko ulivyokuwa baada ya namba 26.

Sababu yake si siri. Mkengeuko sanifu unaeleza tabia ya chombo na mpimaji wake, yaani jinsi kipimo kimoja kinavyotegemewa kuachana na wastani. Kupima mara nyingi hakubadilishi tabia hiyo, kunaifanya ijulikane vizuri zaidi. Ndiyo maana namba zinayumba sana mwanzoni na kuyumba kidogo baadaye, zikizunguka mahali fulani kati ya 0.20 na 0.23. Kinachopungua kweli ni shaka kuhusu wastani, na hicho hupatikana kwa kugawa mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha idadi. Hapa 0.221 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 29 inatoa 0.041. Cavendish angeendelea hadi vipimo 290, mkengeuko ungebaki maeneo yaleyale, na shaka ya wastani ingekuwa theluthi hivi ya ilivyokuwa.

Ile 4.88 je, mwishoni imefanya nini? Katika jumla ya miraba ya namba zote 29, ambayo ni 1.367, umbali wake peke yake unachangia 0.32, karibu robo. Namba 1 kati ya 29 imebeba karibu robo ya mtawanyiko wote. Ukiitoa, mkengeuko unakuwa 0.196. Na tazama uzuri wa jambo hili: kama Cavendish angeipata siku ya mwisho badala ya mwanzoni, ingeutoa mkengeuko kwenye 0.196 na kuufikisha 0.221, mruko mdogo usiotisha. Ilipoingia ya tatu iliuzidisha mara tano. Mwisho wa safari ni uleule, 0.221, kwa njia yoyote utakayopitia. Namba ileile ni tetemeko ikiwa ya tatu na ni mtikisiko ikiwa ya 29, lakini hesabu iliyokamilika haikumbuki nani alitangulia.

Cavendish hakuitoa. Kwa maoni yangu alifanya sawa. Kwamba namba inaukuza mkengeuko si sababu ya kuifuta. Ukianza kufuta kwa sababu hiyo hutasimama, maana kila ukifuta moja mpaka unasogea ndani na nyingine inabaki nje.

Kabla ya Welford wengi walifuata njia ya mkato ambayo bado inafundishwa. Jumlisha miraba ya namba zenyewe, kisha ondoa idadi mara mraba wa wastani. Kwenye karatasi njia hiyo haina kosa. Kwa namba za Cavendish jumla ya miraba ya namba zote ni 862.0855, na unachoondoa ni 860.7186, inabaki 1.367. Umeona hatari yake? Namba mbili kubwa zinazokaribia kulingana zinapambana, na kitu unachokitafuta ni mabaki madogo yanayobaki kati yao. Sasa mtu aandike wastani kuwa 5.45 badala ya 5.448, jambo ambalo yeyote angelifanya bila kusita. Anaondoa 861.3725, anabakiwa na 0.713, na mkengeuko wake unatoka 0.160 badala ya 0.221. Zaidi ya robo ya mtawanyiko imepotea kwa kukadiria desimali moja. Akitumia wastani huohuo wa 5.45 kwa njia ya kupima umbali, jumla ya miraba inatoka 1.367, palepale. Kompyuta nazo hukadiria tarakimu za mwisho, na namba zikiwa kubwa na zimekaribiana, njia ya mkato inaweza kutoa hata jumla ya miraba iliyo chini ya sifuri, kitu kisichowezekana. Njia ya Welford inajumlisha vitu vidogo ambavyo kamwe haviwi hasi, na Donald Knuth aliiweka katika juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha upangaji programu.

Ufundi huu una hatua moja zaidi, kuongeza kundi zima badala ya namba moja. Cavendish ana makundi mawili tayari. Waya wa kwanza: namba 6, wastani 5.312, jumla ya miraba 0.429. Waya wa pili: namba 23, wastani 5.483, jumla ya miraba 0.798. Ukijumlisha hizo jumla mbili unapata 1.227, na kuna upungufu. Upungufu huo unatokana na pengo kati ya wastani wa kundi moja na wa jingine: chukua pengo hilo, 0.172, lizidishe kwa lenyewe, zidisha kwa 6 na kwa 23, gawa kwa 29. Ni 0.140. Sasa inatimia 1.367. Mtu aliyefanya kazi Dodoma na mwenzake aliyefanya Kigoma wanaweza kuunganisha matokeo yao kwa namba tatu kutoka kila upande, bila kubebeana madaftari.

Ni pengo hilohilo linalofichua kitu ambacho Cavendish hakukiona. Aliandika kwamba nyaya zote mbili zilimpa wastani mmoja, 5.48. Kwa waya wa pili ni kweli. Kwa waya wa kwanza namba alizozichapisha mwenyewe zinatoa 5.31. Francis Baily, mwanaastronomia aliyekuja kulirudia jaribio hilo katika karne ya 19, ndiye aliyelibaini kosa hilo la kujumlisha. Wastani sahihi wa zote 29 ni 5.448. Na ukiweka 5.88 mahali pa 4.88, kana kwamba tarakimu ya kwanza ilikosewa tu, waya wa kwanza unatoa 5.48 sawasawa, na orodha nzima nayo inatoa 5.48.

Nilipolijua hilo nilikimbilia kuutazama mkengeuko wa zile namba 6, nikitegemea ungepiga kelele. Kwa 4.88 ni 0.293. Kwa 5.88 ni 0.282. Tofauti yake ni karibu 0.01 tu, wakati wastani umehama kwa 0.17. Wastani wa zile nyingine tano ni 5.398, na 4.88 iko 0.518 chini yake wakati 5.88 iko 0.482 juu yake. Umbali unakaribiana, na ukishazidishwa kwa wenyewe, alama ya juu au chini inafutika. Mkengeuko sanifu unajua namba iko mbali kiasi gani, haujui iko upande gani. Upande unaonekana kwenye wastani, na wastani ni kimojawapo cha vile vitu vitatu anavyovitunza Welford. Leo densiti ya dunia inajulikana kuwa karibu 5.51 mara ya maji, na wastani sahihi wa Cavendish, pamoja na ile namba ya tatu ndani yake, unapungua hapo kwa takriban asilimia 1.